Rugby ya watu 13: namna shampiona ya Australia iligeuka chombo cha diplomasia

Mwaka 2028, ekipe yenye makao Port Moresby, mji mkuu wa Papua Guinea Mpya, itaingia katika National Rugby League, NRL, shampiona kubwa ya rugby ya watu 13 ya Australia. Jina lake ni PNG Chiefs. Ekipe kucheza shampiona ya inchi jirani si jambo jipya katika michezo. Jipya ni yule anayelipa. Si mfanyabiashara, si televisheni. Ni serkali ya Australia yenyewe, iliyokubali kutoa dola milioni 600 za Australia kwa muda wa miaka 10, karibu dola milioni 380 za Marekani kwa kiwango cha wakati ule.

Mapatano hayo yalitangazwa Sydney tarehe 12 Desemba 2024. Walikuwapo Waziri Mkuu wa Australia Anthony Albanese, mwenzake wa Papua Guinea Mpya James Marape, na mkubwa wa tume inayoongoza rugby hiyo, Peter V'landys. Siku hiyo viongozi waliongea juu ya mpira, lakini waliongea pia juu ya usalama na kuaminiana kati ya inchi mbili. Vyombo vya habari vya Australia viliripoti kwamba kuna sharti nyuma ya makuta hayo: kama Port Moresby itafanya mapatano ya usalama na China, Canberra inaweza kuondoa msaada, na ekipe ikafa.

Kwa mkaaji wa mashariki mwa Kongo, habari hii inaonekana ya mbali sana. Wengi huku hawajawahi kuona mchezo huu hata mara moja. Lakini inchi yenye zahabu na shaba, makabila na lugha nyingi, barabara zisizofika, na wakubwa wa dunia wanaoizunguka, hiyo si hadithi ya kigeni.

Mchezo uliozaliwa juu ya mshahara

Rugby zipo mbili. Ile ya watu 15 njo inajulikana zaidi Afrika, juu ya Afrika ya Kusini. Ile ya watu 13, ambayo wenye kusoma Kifaransa wanaita rugby à XIII, ilitokea katika ugomvi wa wafanyakazi.

Ilikuwa kaskazini mwa Uingereza, mwisho wa karne ya 19. Wachezaji wa Lancashire na Yorkshire walikuwa watu wa migodi ya makaa na wa viwanda. Kucheza siku ya posho kulimaanisha kupoteza mshahara wa siku ile. Klabu zao ziliomba walipwe fidia kidogo ya saa walizokosa kazini. Wakubwa wa rugby walikataa: mchezo ni wa heshima, hauchezwi kwa makuta. Ilikuwa rahisi kusema hivyo kwa mtu aliyekuwa na mali tayari.

Tarehe 29 Agosti 1895, wajumbe wa klabu zaidi ya 20 walikutana katika hoteli moja ya Huddersfield wakajitenga. Kisha sheria za mchezo zikabadilika kidogo kidogo ili watazamaji wapende zaidi. Mwaka 1906 wachezaji walipunguzwa toka 15 mpaka 13. Leo, ekipe yenye mpira inaruhusiwa kuangushwa mara 6 tu. Ikishindwa kufika, inauachia mpira upande wa pili. Kuufikisha mpira chini, kule nyuma ya mstari wa adui, kunaleta pointi 4. Mchezo ni wa mbio na wa kugongana, na hausimami sana.

Ugomvi ule ule ulifika Sydney. Mwaka 1907 mchezaji mmoja, Alec Burdon, aliumia, na shirika la rugby halikumusaidia kwa matunzo wala kwa mshahara aliopoteza. Watu wa vitongoji vya wafanyakazi walikasirika. Mwaka ule ule shirika jipya likaundwa, na mwezi wa Aprili 1908 shampiona ikaanza na ekipe 9, zote za Sydney na kandokando, isipokuwa Newcastle iliyo kaskazini zaidi. South Sydney, ekipe ya mtaa wa watu wa kazi, ilibeba kombe la kwanza.

Kwa miaka zaidi ya 70, hiyo ilibaki shampiona ya mji mmoja. Kila mtaa ulikuwa na ekipe yake, na mtoto alirithi rangi za baba yake. St George walibeba kombe mara 11 mfululizo, toka 1956 mpaka 1966. Mwaka 1982 mlango ulifunguliwa kwa Canberra na Illawarra. 1988 ikaingia Brisbane. 1995 ikafika mpaka Auckland, Nouvelle-Zélande, na Perth, magharibi kabisa mwa Australia. Ekipe zikawa 20.

Vita ya televisheni

Wakati ule ule, makuta makubwa yakaingia. Televisheni ya kulipia ilikuwa inaanza Australia, na kila tajiri alitaka mchezo utakaofanya watu wanunue. Upande mmoja alikuwa Kerry Packer, mwenye haki za kuonyesha shampiona. Upande mwingine Rupert Murdoch, ambaye kampuni yake iliamua kuunda shampiona yake yenyewe, Super League. Toka mwisho wa Machi 1995, wachezaji walifuatwa usiku mahotelini na kontra mkononi, na mishahara ikapanda mara mbili, mara tatu. Kesi zilijaa mahakamani. Mwaka 1997 kulikuwa na shampiona mbili, mabingwa wawili, na watazamaji waliochoka.

Mwisho wa mwaka huo pande mbili zilipatana. Mwaka 1998 NRL ikazaliwa. Lakini amani ilikuwa na bei yake: ekipe zipunguzwe mpaka 14. Nyingine zilifungwa, nyingine zililazimishwa kuungana. North Sydney, mmoja wa wale 9 wa mwaka 1908, waliunganishwa na jirani yao Manly, kisha wakapotea katika shampiona kubwa. South Sydney wenyewe, waliobeba makombe mengi kupita wote, walitupwa inje mwisho wa mwaka 1999.

Hapo kitu kikatokea ambacho wakubwa hawakungojea. Makumi ya maelfu ya watu waliandamana katika barabara za Sydney: wazee, watoto, mapadri, watu wa vyama vya wafanyakazi. Klabu ilienda mahakamani, ikashindwa, ikakata rufaa, ikashinda mwaka 2001. Mwaka 2002 South Sydney walirudi uwanjani, na 2014 wakabeba kombe, miaka 43 nyuma ya lile la mwisho.

Historia hiyo inafundisha namna NRL inafanya kazi mpaka leo. Ni mchezo wa mtaa kwa roho, na biashara ya televisheni kwa mfuko. Ekipe inaingia ao inatoka si kwa kushinda ao kushindwa tu, kwa sababu hakuna kupanda wala kushuka daraja. Inaingia kama mtu analipa na kama kuna soko. Dolphins wa kaskazini mwa Brisbane waliingia mwaka 2023 kama ekipe ya 17. Bears, jina lile la North Sydney, wanarudi mwaka 2027, lakini watachezea Perth, mbali sana na nyumbani kwao. Ya 19 ni Papua Guinea Mpya. Tofauti ni kwamba kwa hiyo ya mwisho, hesabu haikupigwa na wenye televisheni. Ilipigwa na wizara ya mambo ya inje.

Inchi inayopenda rugby kupita wote

Papua Guinea Mpya iko kaskazini mwa Australia, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari. Ilitawaliwa na Australia mpaka tarehe 16 Septemba 1975. Ina watu zaidi ya milioni 10 na lugha zaidi ya 800. Hakuna inchi nyingine duniani yenye lugha nyingi namna hiyo. Rugby ya watu 13 ililetwa na Waaustralia wa migodi ya zahabu na askari wao, katika miaka ya 1930 na 1940. Mwaka 1942, katika njia ya Kokoda, watu wa kule walibeba mizigo na majeruhi wa jeshi la Australia milimani, sawa vile tenga-tenga walivyobeba mizigo ya jeshi la Wabeleji kuelekea Tabora mwaka 1916. Waliobeba mizigo walibaki na mchezo.

Leo inasemekana kwamba ni inchi ya pekee ambapo rugby hii njo mchezo wa taifa. Kila mwaka, majimbo mawili ya Australia, New South Wales na Queensland, yanapocheza mechi zao tatu, Port Moresby na vijiji vya milimani vinagawanyika pande mbili, wengine rangi ya bleu, wengine nyekundu kahawia. Watu wanatembea mpaka fasi yenye jenereta na televisheni. Mara kwa mara furaha inaisha kwa vita na watu wanakufa, juu ya mechi ambayo hakuna hata ekipe yao ndani.

Vipaji vipo. Marcus Bai alibeba kombe la NRL na Melbourne Storm mwaka 1999. Justin Olam, mtoto wa kijiji cha Chimbu, alibeba na klabu ile ile mwaka 2020, naye alianza kuonekana akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Ekipe ya Hunters, inayocheza toka 2014 katika shampiona ya jimbo la Queensland, ilibeba kombe hilo mwaka 2017. Kwa hiyo, mtu akisema Chiefs ni siasa tupu, anakosea. Hamu ya watu ni ya kweli, na ni ya zamani kupita mapatano.

Kwa nini sasa

Jibu linaanzia kwa jirani. Mwaka 2022, Visiwa vya Solomon vilitia sahihi mapatano ya usalama na China. Kule Canberra watu walishituka. Meli za kivita za China zingeweza siku moja kupata fasi ya kupumzika karibu na pwani ya Australia. China ilikuwa imekwisha kujenga barabara na majengo Port Moresby. Kisha tarehe 10 Januari 2024, polisi wa Port Moresby waliacha kazi juu ya makato katika mishahara yao, maduka yakaporwa na kuchomwa, na watu zaidi ya 20 wakafa katika miji ya inchi. Wiki chache nyuma yake, waziri wa mambo ya inje alisema wazi kwamba China imejitolea kusaidia polisi wa inchi yake.

Australia ilikuwa tayari mtoaji wa kwanza wa msaada kwa Papua Guinea Mpya. Lakini msaada wa barabara ao wa hospitali hausikiki sana na mkaaji wa kawaida, unapita maofisini. Ekipe ya rugby inaingia nyumbani kila wiki. China inaweza kujenga uwanja, lakini haiwezi kutoa nafasi katika NRL. Njo hapo hesabu ya Canberra ilipo: kutoa kitu ambacho mshindani wake hana.

Na hesabu hiyo ilizaa. Tarehe 6 Oktoba 2025, inchi mbili zilitia sahihi mapatano ya kujilinda pamoja, yanayoitwa Pukpuk, maana yake mamba katika Tok Pisin, lugha inayounganisha watu wa kule. Kila inchi inaahidi kusaidia nyingine ikishambuliwa, na raia wa Papua Guinea Mpya wanaweza kuingia katika jeshi la Australia. Hakuna anayesema mpira ulinunua mapatano ya jeshi. Lakini ni vigumu kuyatenganisha, kwa sababu viongozi ni wale wale na lengo ni lile lile.

Faida na mashaka

Marape anatetea mpango huo kwa neno moja: umoja. Katika inchi ya lugha zaidi ya 800, anasema, hakuna kitu kinachounganisha watu kama mchezo huu. Neno hilo lina uzito. Mwezi wa Februari 2024, katika jimbo la Enga, mahali penye mgodi mkubwa wa zahabu wa Porgera, makumi ya watu waliuawa kwa siku moja katika vita vya makabila, kwa bunduki za kisasa. Kule Bougainville, mgodi wa shaba wa Panguna ulizaa vita ya miaka 10, na mwaka 2019 karibu asilimia 98 ya wapiga kura walichagua uhuru. Kama kijana wa Enga na wa Bougainville watavaa jezi moja, si jambo dogo.

Lakini wapinzani wana maswali, na si ya wivu. La kwanza ni la hitaji. Sehemu kubwa ya wakaaji haina umeme. Mwezi wa Mei 2025 ugonjwa wa polio ulitangazwa tena kule. Mama wa kijijini ataambiwa nini, kwamba makuta ya ekipe yalipatikana na ya chanjo hayakutosha? Wenye kutetea wanajibu kwamba sehemu ya milioni 600 inaenda kwa mashule, kwa wanawake na kwa mchezo wa vijana katika visiwa vyote vya Pasifiki. Ni kweli, lakini mahitaji ya inchi hayaishii uwanjani.

La pili ni la fasi. Port Moresby haina barabara inayoiunganisha na Lae wala na miji ya milimani, ambako wapenzi wengi wa rugby wanaishi. Mtu wa Mount Hagen anayetaka kuona Chiefs kwa macho yake atapanda ndege. Uwanja wenyewe unabeba karibu watu 15,000. Ekipe ya taifa lote itachezewa mbele ya watu wa mji mmoja.

La tatu ni la usalama. Ili wachezaji wa inje wakubali kuja, serkali iliwaahidi msamaha wa kodi, na makao yenye ulinzi yanapangwa. Picha hiyo inaeleweka vizuri huku mashariki mwa Kongo: ukuta mrefu, walinzi mlangoni, ndani maji na umeme, inje mtaa wenye giza. Ekipe ya watu ikiishi mbali na watu, umoja unaosemwa utabaki kwenye jezi.

La ine njo kubwa zaidi: sharti. Si mara ya kwanza makuta ya Australia kufika kule yakiwa na kamba. Kuanzia 2001, na tena toka 2012, Canberra ililipa ili watu waliokimbia inchi zao kwa mashua wafungiwe katika kisiwa cha Manus. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Papua Guinea Mpya ikasema kuwafunga namna hiyo kunavunja katiba. Inchi ndogo ikipokea, inapoteza pia kidogo uhuru wa kukataa. Serkali yoyote itakayokuja nyuma ya Marape, ikitaka kuongea na Pekini, itajua kwamba mkononi mwa Canberra kuna kisu kilicho karibu na kitu ambacho watu wanapenda kupita wanasiasa wote.

Huku Afrika ya Maziwa Makuu

Mchezo kama chombo cha serkali si jambo la Pasifiki tu. Toka 2018, maneno ya kualika watalii Rwanda yalionekana kwenye jezi za Arsenal, kisha yakaingia PSG mwaka 2019 na Bayern Munich mwaka 2023. Mwezi wa Februari 2025, nyuma ya kuanguka kwa Goma, waziri wa mambo ya inje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandikia klabu hizo tatu akiomba wavunje kontra. Mwezi wa Agosti Bayern walibadilisha yao, ikabaki juu ya mafunzo ya vijana; mwezi wa Novemba Arsenal walitangaza kwamba yao inaisha na msimu wa 2025-2026. Katika mwaka ule ule, Kinshasa nayo ilitia sahihi na AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona ili jina la Kongo lionekane.

Ukiweka mambo haya pembeni ya Chiefs, tofauti moja inaonekana haraka. Kigali na Kinshasa wanalipa klabu za inchi tajiri ili dunia iwaone. Canberra inalipa ili vijana wa inchi maskini wacheze nyumbani kwao. Makuta ya Australia, hata kama yana sharti, yataacha kiwanja, makocha na mishahara Port Moresby. Wakati huo, Linafoot imezoea kugawa ekipe kwa kanda juu ya umbali na ukosefu wa barabara, na ekipe za mashariki zinahesabu tiketi za ndege mbele ya kuhesabu pointi. Swali la nani analipa mpira, na kwa faida ya nani, linafaa kuulizwa huku pia.

Cha kufuata

Mambo matatu yataonyesha kama mpango wa Chiefs ni wa watu ao wa mabalozi. Kwanza, ni wachezaji wangapi wa Papua Guinea Mpya watakaokuwa ndani ya ekipe, na wangapi watatoka inje juu ya kodi. Pili, kama tiketi zitakuwa bei ambayo muuza mboga wa sokoni anaweza kulipa. Tatu, ni nini kitafanyika miaka 10 ikiisha, kwa sababu NRL haina desturi ya kungoja ekipe isiyoingiza makuta. North Sydney wanajua.

South Sydney waliokolewa kwa sababu watu wao walijua mlango wa kubisha: ofisi za mchezo zilikuwa mji ule ule, na mahakama pia. Watu wa Port Moresby na wa milimani, siku Canberra ikisema basi, watalazimika kuandamana mbele ya serkali wasiyoipigia kura, iliyo ng'ambo ya bahari. Mapatano ya tarehe 12 Desemba 2024 yalitangazwa. Masharti yake hayakuwekwa wazi yote. Hapo njo pa kuanzia kuuliza.